Shajara ya mradi: reli ya mfano na daftari la ukaguzi wa mitambo ya burudani

Tarehe 14 Januari

Leo tumeanza rasmi mradi wetu katika karakana ya chuo cha ufundi hapa Unguja. Kazi zake ni mbili na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni kutengeneza reli ndogo ya mfano ya rola kosta, yaani ile treni ya michezo inayovutwa hadi kileleni kisha ikaachiwa ishuke kwa uzito wake yenyewe. Ya pili ni kuandika kwa Kiswahili daftari la ukaguzi ambalo fundi yeyote anayetunza mitambo ya burudani ataweza kulifuata. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuiona rola kosta kubwa kwa macho yao, lakini wote wamekulia kwenye mapembea, na kila sikukuu ya Idi watoto hufurika Kariakoo hapa mjini na Tibirinzi kule Pemba. Tumeichagua rola kosta iwe somo letu kwa kuwa ajali zake zimechunguzwa kwa kina na matokeo ya uchunguzi yakatangazwa hadharani, na kwa kuwa yanayopatikana humo yanahusu kila chombo kinachozunguka, kinachobembea au kinachopanda kikiwa kimebeba mtoto wa mtu.

Katika ukurasa wa kwanza nimeandika dhana tunayotaka kuijaribu: kwamba mtambo unaosimama ghafla, mara nyingi, ni mtambo ambao kinga yake imefanya kazi, na kwamba hatari kubwa zaidi huanza pale watu wanapoharakisha kuuendesha tena kabla ya kujua ni kitu gani kilichousimamisha.

Tarehe 27 Januari

Wiki hii tumeisoma ajali ya rola kosta iitwayo The Smiler, iliyotokea tarehe 2 Juni 2015 katika bustani ya burudani ya Alton Towers, Staffordshire, Uingereza. Niliwataka wanafunzi waisome taratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuuanzisha mradi huu. Mtambo ule ulikuwa na umri wa miaka miwili tu na ulishikilia rekodi ya dunia ya kuwapindua abiria miguu juu mara 14 katika safari moja. Haukuwa umechakaa, wala ajali ile haikusababishwa na bolti iliyokatika.

Reli ya rola kosta inayotumia treni zaidi ya moja hugawanywa vipande, na mwisho wa kila kipande huwekwa kitu kinachoweza kuizuia treni, ama breki ama mnyororo wa kupandishia. Kompyuta hupokea taarifa za sensa, yaani vifaa vinavyohisi treni inapopita, na kujua treni ipi imeingia na ipi imetoka, na kanuni yake haina msamaha: kipande kimoja, treni moja. Siku ile wageni walikuwa wengi, hivyo treni ya tano ikaongezwa kwenye nne zilizokuwa zikizunguka. Mafundi waliokuwa wakishughulikia hitilafu walipeleka treni tupu ya majaribio, nayo haikumaliza mzunguko. Upepo ulikuwa mkali, ikapungukiwa na mwendo na kukwama bondeni. Baadaye treni yenye abiria 16 ikapandishwa. Kompyuta iliizuia, kwa kuwa kipande cha mbele kilikuwa na treni ndani yake. Mafundi hawakujua kuwa ile treni tupu ilikuwa bado njiani, wakaamini kuwa kompyuta ndiyo iliyokosea, wakaiondoa kinga kwa mkono na kuiruhusu treni ya abiria ishuke.

Abiria wote 16 waliumia, na wanawake vijana wawili miongoni mwao walipoteza mguu mmoja kila mmoja. Uokoaji ulichukua zaidi ya saa nne kwa kuwa treni zilikuwa zimenasa juu, zimelala upande, na waokoaji walilazimika kwanza kujenga jukwaa la kuwafikia majeruhi. Mwezi Septemba 2016 mahakama ya Stafford iliitoza kampuni ya Merlin, iliyokuwa ikiiendesha bustani hiyo, faini ya pauni milioni 5. Jambo ninalotaka wanafunzi walibebe kutoka katika hukumu ile ni kwamba jaji hakuuona mzizi wa msiba kuwa ni uzembe wa fundi mmoja mmoja. Aliuona katika kukosekana kwa utaratibu uliofikiriwa na kuandikwa, unaomweleza fundi cha kufanya mtambo unaposimama huku foleni ya wageni ikiwa ndefu na kila mtu akisubiri uondoke.

Tarehe 16 Februari

Reli imesimama. Tumeikunja kwa bomba nyembamba za chuma, ikiwa na mlima mmoja wa kupandishia, mabonde mawili na vipande vinne. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu, kama yalivyo ya kweli: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayoliongoza kwenye kona, na ya chini yanayolizuia lisinyanyuke kutoka kwenye reli. Magurudumu hayo ya chini yalipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1919 kwa jina la John Miller, na ndiyo yaliyowezesha milima mikali tunayoiona leo. Katika ukaguzi ndiyo yanayosahaulika upesi, kwa sababu yamejificha na fundi hawezi kuyaona bila ya kuinama.

Kwenye breki tulikaa muda mrefu zaidi. Nilikataa muundo wa kwanza uliopendekezwa, ambao umeme ulikuwa ndio unaobana breki, kwa sababu umeme wetu hukatika na breki inayongoja umeme ili ifunge itakuwa wazi saa ile ile inapohitajika. Sasa tunatumia springi inayoifunga breki muda wote, na ni hewa iliyoshindiliwa tu inayoifungua. Hewa ikivuja, umeme ukikatika au kompyuta ikizima, treni inasimama. Mitambo mingi mikubwa hufuata kanuni hii, na mipya zaidi huongeza breki za sumaku, ambazo hupunguza mwendo bila ya umeme wala kugusana, ingawa peke yake haziwezi kuisimamisha treni kabisa.

Mlimani tumeweka meno ya kuzuia treni isirudi nyuma. Hilo halikuwa la kujadiliwa. Tarehe 30 Mei 1972, katika bustani ya Battersea, London, kamba ya kuvutia treni ya Big Dipper ilikatika, kinga ya kuzuia isirudi nyuma ikashindwa kushika, treni ikateremka kinyumenyume na watoto 5 wakapoteza maisha. Tumeukata mnyororo wetu makusudi, treni ikiwa katikati ya mlima na imebebeshwa mawe, na meno yameshika kila mara. Hata hivyo nimeagiza yakaguliwe kila asubuhi kwa sauti na kwa macho, kwa sababu jino lililolika huendelea kulia vizuri kwa muda kabla ya kushindwa kazi.

Tarehe 9 Machi

Sehemu hii ya daftari, inayohusu chuma chenyewe, ndiyo iliyonipa taabu kuiandika, na naamini ndiyo itakayowafaa zaidi mafundi wa pwani.

Tulianza na uchovu wa chuma. Kila mwanafunzi alipewa kipande cha waya akikunje na kukikunjua hadi kikatike, kisha akitazame kilipokatikia. Waya ule usingekatika kwa kuvutwa mara moja kwa nguvu ileile ya vidole. Umekatika kwa kurudiwa. Ekseli ya behewa, yaani mhimili unaoshika magurudumu, hupita katika hali hiyo kila inapoingia kwenye kona, siku nzima, mwaka mzima, na ufa huanzia mahali padogo kabisa, penye mkwaruzo au penye pembe kali. Tarehe 5 Mei 2007, katika bustani ya Expoland huko Suita, jirani na Osaka, Japani, ekseli ya rola kosta iitwayo Fujin Raijin II ilikatika treni ikiwa mbioni. Msichana wa miaka 19 aliuawa na abiria 19 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa ekseli zile hazikuwahi kubadilishwa tangu mtambo ulipofunguliwa mwaka 1992, yaani miaka 15, na kwamba upimaji wa mwaka uliokusudiwa kuzitafuta nyufa ulikuwa umeahirishwa hadi baada ya msimu wa sikukuu. Nimewasomea wanafunzi maneno hayo mara mbili, kwa sababu msimu wa sikukuu ndio hasa unaobeba watu wengi kuliko wakati mwingine wowote, na sisi pia tunayo Idi yetu.

Ufa wa namna hiyo hauonekani kwa jicho. Hutafutwa kwa mawimbi ya sauti yanayopitishwa ndani ya chuma, au kwa unga wa chuma unaojikusanya juu ya ufa baada ya kipande kutiwa sumaku, au kwa rangi nyepesi inayopenya ndani ya mwanya na kuchomoza tena. Hiyo ya rangi haihitaji gharama kubwa, nasi tumeifanya karakanani kwenye ekseli chakavu ya gari. Mstari mwekundu ulipojitokeza juu ya chuma kilichokuwa kinang'aa, karakana nzima ilisogea kuutazama.

Kisha tukaingia kwenye kutu, na hapa nimeandika kurasa nyingi. Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mtambo uitwao Fire Ball, ambao ni pembea kubwa inayobembea huku ikizunguka, ulikatika ukiwa na watu. Kijana mmoja alifariki na wengine saba wakajeruhiwa. Mtambo ule ulikuwa na umri wa miaka 18 na ulikuwa umekaguliwa na kuruhusiwa kufanya kazi siku ileile. Watengenezaji wake, kampuni ya KMG ya Uholanzi, walieleza baadaye kuwa kutu nyingi ndani ya boriti iliyoshika viti ilikuwa imekula ukuta wa chuma kwa miaka hadi ukawa mwembamba kupita kiasi. Kutu ilikuwa ndani, na mkaguzi alikuwa nje.

Hapa kwetu upepo wa bahari huleta chumvi kwenye kila ungio. Maji ya mvua huingia ndani ya bomba na kukosa pa kutokea, na kila mwaka, kabla ya sikukuu, chuma hupakwa rangi mpya ya kupendeza juu ya kutu ya zamani. Rangi hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko kutu inayoonekana, kwa sababu huwatuliza wazazi na kumfumba macho fundi kwa pamoja. Kwa hiyo daftari letu linaagiza mambo yafuatayo bila ya hiari: rangi isipakwe mpaka maungio yote yamekwanguliwa na kuandikiwa ripoti, kila bomba liwe na tundu la kutolea maji katika sehemu yake ya chini kabisa, pale mtengenezaji anaporuhusu, na unene wa ukuta wa boriti zinazobeba viti upimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti angalau mara moja kwa mwaka, kipimo cha kila mwaka kiandikwe kando ya kile cha mwaka uliotangulia ili ionekane ni kiasi gani kimepungua. Kifaa hicho chuo hakina. Nimeandika barua ya kuomba kuazima kimoja kutoka kwa karakana ya meli.

Tarehe 22 Machi

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ufa ungeweza kuonekana na mtu asiye fundi. Jibu ni kwamba umewahi kuonekana. Mwishoni mwa Juni 2023, katika bustani ya Carowinds, Charlotte, North Carolina, mgeni mmoja alipiga picha ya video inayoonyesha nguzo ya chuma ya rola kosta Fury 325 ikiwa imepasuka na kuachana kila treni ilipopita, na picha nyingine zilionyesha kuwa ufa ulikuwepo siku kadhaa kabla. Mtambo ulifungwa, nguzo ikabadilishwa, na ulifunguliwa tena mwezi Agosti baada ya wakaguzi wa jimbo kuridhika; bustani ikatangaza pia kuwa itatumia droni zenye kamera kukagua sehemu zisizofikika kwa urahisi. Tumeongeza kwenye daftari ukurasa wa malalamiko ya wageni, wenye nafasi ya kuandika saa, maneno ya mlalamikaji na jina la fundi aliyekwenda kutazama.

Tarehe 18 Aprili

Mwezi huu tumelishughulikia daftari lenyewe, na swali lililotugawa lilikuwa hili: je, saini ina maana gani? Tarehe 5 Septemba 2003, katika bustani ya Disneyland, California, kichwa cha treni ya Big Thunder Mountain Railroad kilitoka kwenye njia yake. Kijana wa miaka 22 alifariki na watu 10 wakajeruhiwa. Wachunguzi wa jimbo walikuta kuwa katika matengenezo yaliyotangulia bolti hazikukazwa inavyotakiwa, na waya wa kuzifunga zisilegee haukuwekwa. Kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika na treni ikarudi njiani.

Kwa hiyo daftari letu halina kisanduku cha kutia alama ya ndiyo. Anayekaza bolti anaandika kiasi cha nguvu alichokisoma kwenye spana ya kipimo, kisha anachora mstari wa rangi unaovuka nati na chuma, ili bolti ikilegea mstari uonekane umevunjika. Anayehakiki ni mtu wa pili, naye haandiki kuwa amemwona mwenzake akifanya kazi. Anaandika alichokigusa na kukisoma mwenyewe. Mwenzangu wa idara ya umeme aliona kuwa huku ni kuwachosha mafundi. Nilimjibu kuwa asubuhi moja ya kuandika namba ni nyepesi kuliko kusimama mbele ya mzazi, na bado nashikilia msimamo huo.

Vipuri navyo vimepata sura yao. Tarehe 25 Juni 2023, katika bustani ya Gröna Lund, Stockholm, treni ya Jetline iliacha njia baada ya mkono unaoshika magurudumu kuvunjika. Mtu mmoja alifariki na kadhaa wakajeruhiwa. Tume ya Sweden ya uchunguzi wa ajali ilieleza kuwa mkono ule ulikuwa kipuri kipya, ambacho hakikutengenezwa kama ilivyokusudiwa, hivyo kikakosa nguvu zilizotakiwa. Nimeona ni lazima niandike hili kwa herufi nzito, kwa kuwa sisi hutegemea sana vipuri vya kuchongesha, na fundi wetu akipewa kipande cha zamani hutengeneza kinachofanana nacho kwa umbo. Umbo halitoshi, aina ya chuma, unene na namna ya kuchomelea lazima vifuate mchoro, na kipuri kipimwe kabla ya kufungwa.

Lugha nayo ni sehemu ya matengenezo. Mwaka 1986, katika jumba la West Edmonton Mall, Kanada, watu 3 walifariki baada ya magurudumu ya behewa la nyuma la rola kosta Mindbender kuachia kwa sababu ya bolti zilizokosekana, na miongoni mwa yaliyobainika ni kuwa nyaraka za Kijerumani kutoka kwa mtengenezaji hazikuwa zimetafsiriwa kikamilifu kwa Kiingereza, hivyo ratiba ya matengenezo ikawa pungufu. Mitambo inayotufikia huja na vitabu vya Kichina, Kitaliano na Kituruki, na mara nyingine huja bila ya kitabu chochote. Daftari linasema kuwa mtambo usio na kitabu kinachosomeka na fundi wake usibebe mtu.

Tarehe 11 Mei

Leo tulifanya jaribio lililokuwa kiini cha mradi. Mapema, bila ya kuwaambia wanafunzi waliopangiwa zamu, tuliongeza treni ya tatu kwenye reli na kuiacha imekwama katika bonde la pili, nyuma ya pazia. Zamu ilipoanza, treni ya kwanza ilipanda na kusimama kileleni, taa nyekundu ikawaka. Nyuma yao tulikuwa tumewakusanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajifanye wateja wanaosubiri na kulalamika.

Kijana aliyeshika usukani wa mtambo aliangalia bonde aliloweza kuliona, akakuta ni jeupe. "Mwalimu, sensa imedanganya," aliniambia. Nilinyamaza. Alihesabu treni alizozijua, zilikuwa mbili, na zote mbili alikuwa anaziona. Aliifuta hitilafu, ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi. Kisha akageuza ufunguo wa kuiondoa kinga, na treni ikateremka na kuigonga iliyokuwa bondeni kwa mshindo uliowanyamazisha wote, pamoja na waliokuwa wakilalamika. Ni mwanafunzi makini, mmoja wa wazuri nilionao, na nilimwambia hivyo mbele ya wenziwe, kwa sababu sikutaka mtu atoke pale akidhani kuwa jambo hili huwapata wavivu.

Baada ya hapo tulirudia jaribio kwa utaratibu mpya. Ufunguo mmoja umekuwa funguo mbili, zikikaa kwa watu wawili. Kabla ya kugeuza, mmoja wao anatembea kwa miguu urefu wote wa reli na kuzihesabu treni kwa kuzigusa, na idadi anayoileta inalinganishwa na ubao wa idadi uliopo kituoni, ambao hubadilishwa kila treni inapoongezwa au kupunguzwa. Aliyeko kwenye reli hubeba kufuli lake mwenyewe, alilolifungia swichi kuu, ili asije mtu akawasha huku yeye yuko chini. Zamu ya pili iliikuta treni iliyofichwa. Iliwachukua muda, na wateja wetu wa bandia walilalamika kwelikweli.

Tarehe 3 Juni

Toleo la kwanza la daftari limechapwa na tumelipeleka kwa waendeshaji wawili wa mapembea waliokubali kulijaribu. Mzee mmoja aliyefanya kazi hii tangu ujana wake alilipitia ukurasa kwa ukurasa akiwa amekaa juu ya kreti, akauliza kwa nini hatukuandika habari ya upepo. Alisema yeye hufunga mtambo wake kusi inapovuma kwa kiasi cha kuinua vumbi la uwanja. "Lakini mwanangu, mwenye mali akinipigia simu kuuliza kwa nini nimefunga, nimwoneshe nini?" Swali hilo limeingia kwenye daftari moja kwa moja. Tumeweka mstari wa kuandika mwendo wa upepo uliosomwa kwenye kipimo, kikomo kilichotolewa na mtengenezaji, na tamko kwamba mwendeshaji anayefunga kwa sababu hiyo hana wa kumwomba ruhusa.

Bado hatujakubaliana ni nani ashike ufunguo wa pili katika viwanja vidogo vyenye mwendeshaji mmoja tu. Pendekezo la kumpa mwenye mali nimelikataa, kwa kuwa ndiye anayepoteza fedha mtambo ukisimama. Pendekezo linalojadiliwa sasa ni kuwa ufunguo huo ukae kwa fundi wa uwanja mzima, asiyelipwa kwa idadi ya tiketi, na kwamba mpaka afike, mtambo ubaki umesimama na watoto wateremshwe kwa ngazi. Karakana ya meli imejibu barua yetu. Kifaa cha kupimia unene wa chuma tutakipata kwa siku chache kabla ya Idi, na boriti za pembea la yule mzee ndizo za kwanza kwenye orodha.